Sinema Iliyofunguliwa Mchana

Nilipokuwa mtoto, nyumbani kwetu hakuna mtu aliyewasha sinema jua likiwa bado juu. Watoto wengine wa Columbia Heights, mji wetu wa Minnesota, walikatazwa kwa ajili ya masomo, au kwa ajili ya matusi yaliyokuwamo. Sisi tulikatazwa ili Mama asipotee njia.

Sheria ilikuwa ya Nyanya, mama yake Mama, aliyeletwa kutoka Wundanyi kutulea mimi na mdogo wangu Dani wakati Mama yuko kazini. Kwao milimani hadithi ni za usiku. Anayesimulia mchana, watu wakiwa bado njiani, humpoteza mzazi wake: mzazi ataiona barabara anayoijua na hataitambua. Mama aliponunua deki ya video, Nyanya alitazama kanda moja tangu mwanzo hadi mwisho, ameketi wima kama yuko kanisani, kisha akatoa hukumu.

"Hii ni hadithi tu. Imebadilisha nguo."

Toka hapo deki ikawa chini ya sheria. Mama ni mtu wa sala na mambo hayo hakuyapenda. Lakini alikuwa amechoka, na sheria inayozuia televisheni mchana hakuona haja ya kugombana nayo.

Shida ni kwamba sheria ilitungwa mahali ambapo jua linachwa saa ileile mwaka mzima. Minnesota haiko hivyo. Desemba ilikuwa neema kwetu: tulirudi kutoka shule, tukavua mabuti, na giza lilikuwa limeshaingia. Juni ilikuwa adhabu. Jua lilikaa angani mpaka watoto wote wa mtaa wameitwa kulala, nasi tuliketi mbele ya kioo cheusi tukilingoja kama watu wanaongoja futari.

Kanda zililetwa na Anko Baraka, mwanafunzi wa Kitanzania aliyepanga chumba ghorofa ya juu yetu. Alisomea udongo chuoni, lakini alichokijua hasa ni sinema. Alikuwa na maoni juu ya kila moja, na alikuja kwetu kubishana na Nyanya, maana wanafunzi wenzake, alisema, walikuwa wanakubali kila kitu.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Leo umetuletea nani?"

Nyanya hakuuliza umeleta nini. Aliuliza nani.

Anko Baraka alipenda za zamani, zisizo na rangi. Alisema waigizaji wale walijua kukaa kimya, na uso wa mtu ulitosha. Nyanya alitazama moja ya hizo, watu wamevaa kofia wanaongea garini, akamgeukia.

"Hawa wote wameshakufa?"

"Karibu wote, Bibi."

"Basi punguza sauti. Marehemu hapigiwi kelele."

Lakini za mashujaa ndizo walizogombania zaidi. Nyanya hakuwaamini wale watu wa vinyago. Mtu mwenye kutenda mema, alisema, anaficha uso wa nini?

"Asijulikane, Bibi. Maadui watamdhuru mama yake."

"Kumbe ana mama? Mbona hatujamwona akimsalimia? Watu wote hawa wanaruka juu ya nyumba, hakuna hata mmoja anayeitwa aje kula." Akamtazama. "Wewe Mtanzania, mama yako ulimpigia simu lini?"

Anko Baraka akacheka, akasema sinema ikiwa mbaya Bibi anahamia kwenye maisha yake.

Basi Ijumaa moja ya Juni akaleta kanda ya mtu aliyeweza kusimamisha treni kwa kiganja. Alisema ameiona mara nyingi, ndiyo ya mashujaa pekee anayoiheshimu, na hakutaka kusema kwa nini. Tuliianza jua lilipochwa, na kwa kuwa lilichwa kuchelewa sana, Mama aliizima katikati tukalale. Lakini kabla hajaizima, mama yake yule shujaa alitokea. Alikuwa mwanamke mnene mwenye kitambaa kichwani, anauza maua sokoni, na mwanawe alimsalimia.

"Afadhali," Nyanya akasema. "Huyu kalelewa."

Iliyoanzwa usiku yaweza kungoja usiku mwingine. Hiyo nayo ilikuwa sheria. Kwa hiyo tulilala bila hofu. Asubuhi Mama akaenda zamu yake katika mji wa Hopkins, kwenye nyumba ya kutunza wazee, naye alikuwa arudi alasiri.

Alasiri hiyo anga ikaharibika. Kwanza upepo ulikoma, majani ya mti uliokuwa kwenye maegesho ya magari yakatulia kama yamechorwa. Halafu mawingu yakaja chini na kuwa kijani, kijani cha jeraha linaloanza kupona. Sebule ikawa giza mpaka sikumwona Dani vizuri kwenye kochi.

"Nyanya," nikasema, "giza limeingia."

Alitoka jikoni na taulo mkononi, akasimama dirishani muda mrefu.

"Kuku wangelala," akasema.

Nimelifikiria sana neno hilo. Saa ya ukutani alikuwa nayo. Lakini sheria yake haikutaja saa, ilitaja jua, na jua halikuwepo. Na nadhani, Mungu anisamehe kama namsingizia marehemu, naye alikuwa na hamu ya kumwona tena yule mama wa maua.

"Haya, bonyeza."

Nikabonyeza.

Tuliketi sote watatu kwenye kochi moja. Maadui walikuwa wamejua uso wa shujaa, na sasa walimjua mama yake. Walikata nguzo za daraja akiwa juu yake, ndani ya kigari chake cha maua. Daraja likaanza kuinama. Mwanawe alikuwa mbali, upande wa pili wa mji, anakimbia. Nyanya alishika goti langu. Yule mama alikuwa ameshika usukani kwa mikono miwili, midomo inacheza, nadhani alikuwa anasali.

Hapo umeme ukakatika.

Katika ule ukimya ndipo tukasikia king'ora. Huenda kilikuwa kikilia tangu zamani. Mlango ukagongwa, Anko Baraka amesimama na redio ya betri na tochi.

"Bibi, twende chini. Kimbunga kimeonekana."

Tulishuka besimenti, kwenye chumba cha mashine za kufulia, tukakaa sakafuni tumeegemea ukuta. Dani alijificha chini ya shati la Anko Baraka. Juu yetu jengo lilitoa sauti ambazo sikujua jengo linaweza kutoa. Nyanya alisali kwa Kidawida, lugha ya kwao, nami nilisali kwa Kiingereza, ndiyo lugha niliyokuwa nayo tayari.

Halafu kelele zikapita. Redio ilisema tungoje bado. Na kupitia kidirisha kidogo cha juu, kile kinacholingana na nyasi za nje, mwanga ukaingia. Haukuwa wa taa. Lilikuwa jua lenyewe, la manjano, safi, likaangukia mashine ya kukaushia nguo na kutuonyesha vumbi.

Nyanya aliutazama ule mwanga.

"Ilikuwa mchana," akasema.

Akakisogelea kidirisha.

"Jua lilikuwepo. Lilijifunika tu. Tumefungua mchana." Kisha akauliza, na sauti yake ikawa ndogo kuliko ya Dani, "Mama yenu anapita daraja?"

Mama alivuka Mto Mississippi kila siku, kwenda na kurudi. Nilitikisa kichwa kukubali.

Anko Baraka alipanda mpaka kwenye simu ya korido ya chini, akapiga kazini kwa Mama. Aliporudi alikuwa anajifuta mikono kwenye suruali ingawa haikuwa na maji.

"Wanasema katoka zamani."

"Zamani kiasi gani?"

"Kabla ya mvua, Bibi. Atakuwa amesimama mahali. Dada si mtoto."

Nikafumba macho. Niliona gari letu, lile jekundu lenye mlango mmoja wa rangi nyingine, liko juu ya daraja lililoinama. Mama ameshika usukani kwa mikono miwili. Sikuweza tena kutenganisha picha hizo mbili, na mtoto aliyebonyeza alikuwa mimi.

"Wakesho," Nyanya akaniita. "Imalize."

"Umeme hakuna," nikasema kwa Kiingereza.

"Sikukuambia uiwashe. Nimesema uimalize. Hadithi ikiachwa wazi, njia ya mtu inabaki wazi hivyohivyo, haina mwisho wa kufikia. Sema ilivyokwisha, halafu uifunge."

"Lakini sijui ilivyokwisha."

"Bibi, mimi naijua," Anko Baraka akasema. "Nimeiona."

"Aliyefungua ndiye anayefunga. Kidole kilikuwa chake."

Nikamgeukia Anko Baraka. Nilitaka aninong'oneze tu, nami nirudie. "Inaishaje?" nikamuuliza.

Nakumbuka uso wake vizuri, maana ule mwanga wa kidirisha ulikuwa umemfikia. Alifungua mdomo. Akautazama mwanga, akanitazama, akaufunga mdomo.

"Malizia unavyoona wewe," akasema. "Itakuwa sawa."

"Na iwe kwa Kiswahili," Nyanya akaongeza. "Mama yako aisikie."

Kiswahili nilikuwa nakielewa chote. Kukisema ni jambo jingine. Nilikuwa sijawahi kusema habari ndefu kwa Kiswahili maishani mwangu. Nilianza na kukwama, Nyanya akanipa neno, nikaendelea, nikakwama, akanipa jingine. Nilisema mwana alikuwa mbali, anakimbia. Nikasema daraja liliinama lakini halikuvunjika. Dani akauliza kama shujaa alilishika kwa kiganja. Nikataka kusema ndiyo, kisha nikaona nikisema hivyo nani atamshikia Mama, na sisi hatuna mtu wa viganja? Kwa hiyo nikasema hapana. Nikasema yule mama hakumngoja mwanawe. Aliendesha gari polepole, maua yanaanguka nyuma, akafika upande wa pili. Akaona njia, haijui. Akakata kushoto, akakata kulia. Akaona nyumba. Akasema, hii ni nyumba yangu. Akaingia, akamkuta mwanawe mezani bado anahema, akamwambia, kula.

"Ifunge," Nyanya akasema.

Maneno ya kufungia nilikuwa nimeyasikia kila usiku wa majira ya baridi, Nyanya alipomaliza hadithi zake. Nikayasema mwenyewe kwa mara ya kwanza: "Wa hadithi waende kwao, wa kwetu warudi kwetu."

Nyanya akaitikia. Anko Baraka naye akaitikia, ingawa kwao hawana maneno hayo.

Tulingoja. Sitasema tulingoja muda gani, kwa sababu sijui. Mwanga ulihama kutoka kwenye mashine moja kwenda nyingine. Redio ikaturuhusu kutoka. Tuliketi kwenye ngazi za nje, barabara imejaa matawi, na jua lile la Juni halikutaka kuchwa, likituangalia tu. Nyanya aliligeuzia mgongo.

Mama alikuja akiendesha polepole mno. Aliposhuka, viatu vyake vya kazini, vile vyeupe, vilikuwa na matope mpaka kwenye vifundo.

"Nimepotea," akasema. Alikuwa kama anayeomba radhi. "Mti ulianguka njiani, nikatoka barabara kubwa, nika-drive tu. Nikajikuta Maple Grove huko, kwenye mashimo ya kokoto na nyumba ambazo hazijaisha. Mama, hata niliporudi kwenye njia yangu ya kila siku sikuijua. Nilisimama kando. Nilikuwa naisoma ile barabara kama mgeni."

Nyanya alimshika kiganja, akakigeuza kama anayetafuta mwiba.

"Kisha?"

"Kisha nikaijua tu. Sijui vipi."

Nyanya akakiachia kiganja. Alimwambia aingie ale.

Anko Baraka aliirudisha kanda dukani jioni ileile umeme uliporudi, na hakuna aliyeomba kuona mwisho. Hatukuwahi kuizungumza tena. Nyanya alirudi Wundanyi miaka michache baadaye na huko ndiko alikozikwa.

Nikiwa mtu mzima nina watoto wangu, niliikuta nakala ya kanda ile kwenye mauzo ya vitu vikuukuu kanisani kwetu. Nilingoja jua lichwe, nikaitazama peke yangu. Si nzuri kama nilivyoikumbuka. Treni inaonekana kabisa ni ya kuchezea, na shujaa anaongea kama anasoma tangazo. Lakini lile daraja bado linatisha. Mwana anakimbia, anakimbia, na anafika akiwa amechelewa. Gari la maua linaingia majini. Yule mama anakufa, na sinema inakwishia kwa mtoto wake amesimama ukingoni na viganja vyake vyenye nguvu zote zile.

Ndiyo sababu Anko Baraka aliiheshimu. Siku hizi mashujaa ni wengi mno, wanajaa kumi kumi kwenye filamu moja, na anayekufa leo utamkuta mzima kwenye inayofuata. Mimi zinanichosha, wala sioni hofu iko wapi. Ile iliua mtu na kumwacha amekufa. Naye Anko Baraka aliyajua hayo pale chini, kwenye mwanga ule, nilipomuuliza inaishaje.

Mungu ndiye aliyemrudisha Mama. Hilo naliamini na nimelishuhudia mbele ya watu kanisani. Lakini nikiwa mkweli, shukrani yangu haiendi juu yote moja kwa moja. Sehemu yake hupitia kwa kijana mmoja aliyeujua mwisho, akafunga mdomo, akamwachia mtoto autengeneze mwingine.

Mume wangu hunicheka kwamba naweza kutazama filamu mbovu mpaka yale majina ya mwisho yapande yote. Namwambia ni tabia tu. Watoto wetu hutazama kwenye simu, mchana kweupe, nusu hii na robo ile, nami siwakatazi, sina nguvu za Nyanya. Nikiwa njiani kutoka kazini nawapigia, nawauliza wanatazama nini na kama wamemaliza. Wananijibu kwa Kiingereza kwamba haikuwa nzuri, wameiacha katikati.

Hapo naweka simu chini, na garini peke yangu naifunga kwa niaba yao: wa hadithi waende kwao, wa kwetu warudi kwetu. Kisha kibao cha barabara kinachofuata nakisoma kwa sauti, kuona kama bado nakijua.