Kwenda Kisauni Kulifuta Neno "Salama"

Jumatatu asubuhi mimi na mke wangu, Bi Mwanaisha, tulitoka Mtongwe kwenda Kisauni kufuta neno moja. Neno lenyewe ni "salama," na nililisema mimi.

Ijumaa iliyotangulia tulikuwa Mishomoroni kumwona mjukuu. Wakati wa kurudi, binti yetu Rehema alituitia teksi kwa simu yake. Hatujafika mbali, dereva akiitazama simu badala ya barabara, tukalivamia lori lililoegeshwa. Askari akaja, akainama dirishani. "Hamjambo, wazee?" Nikajibu kama nilivyofunzwa tangu utoto: "Hatujambo, alhamdulillahi, tu salama." Mimi nilikuwa nikirudisha salamu. Yeye alikuwa akiandika.

Tulipofika nyumbani mkono wa kulia wa Bi Mwanaisha ukafura, na kesho yake hospitalini picha ikaonyesha mfupa umevunjika kwenye kifundo. Daktari alisema lazima utiwe chuma upesi, la sivyo utaunga vibaya. Huo ndio mkono anaodarizia kofia. Nao watu wa bima ya gari lile wakatuambia kwa simu kwamba polisi wameandika hakuna aliyeumia, basi hapana dai.

Ndugu yangu alinishauri niache. "Msamehe kijana wa watu, ushukuru mu hai." Nikamwambia kusamehe ni juu ya mwenye mkono, na mwenye mkono hajasamehe.

Kivukoni Likoni watu walikuwa wengi, wanakimbilia feri kama kawaida. Nilitembea kuliani kwa Bi Mwanaisha, kiwiko nimekitoa nje, asipite mtu akamgusa.

"Leo wajua kunikinga," akasema.

Nikazidi kukitoa kiwiko.

Upande wa kisiwani tulichukua tuktuk. Dereva wake alipojua tuendako akacheka mpaka akakohoa. "Mzee wangu, polisi wakishaandika wameandika. Mutaambiwa njooni kesho, njooni kesho, mpaka mkono upone wenyewe."

"Basi tutalala huko huko," nikasema.

"Na mkeka je?"

"Tumebeba," akajibu Bi Mwanaisha kutoka nyuma. Na kweli, kikapuni mlikuwa na mswala wake na mahamri ya tangu alfajiri. Niliyakanda mimi, na yalikuwa magumu.

Baada ya daraja la Nyali, kuelekea Kongowea, barabara ilianza kuturusha. Kila shimo Bi Mwanaisha aliuma ncha ya buibui yake. Dereva wa tuktuk aliacha kucheka, akaenda polepole, akiyakwepa mashimo kama aliyebeba mayai.

Kituoni Kisauni tulimkuta mezani askari wa kike, umri wa Rehema.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, binti yangu. Nimekuja kuyasahihisha maneno yangu ya ajali ya Ijumaa."

Akafungua kitabu cha matukio, akasoma, akanigeuzia. "Mzee, hapa umesema mko salama, wote wawili."

"Nilikuwa naitikia salamu."

"Sasa mimi nitajuaje? Hii imeshafungwa. Nendeni nyumbani, tutawapigia."

"Siondoki."

"Mzee, hapa si baraza ya kahawa."

"Najua. Kahawa sikuja nayo." Nikaketi kwenye benchi, nikampa mke wangu hamri.

Pale benchini alikuwapo Kevin, yule dereva wetu wa Ijumaa, akingoja kuachiliwa gari. Alinitambua, akasimama. "Ah, mzee, mbona unaniletea noma? Si ulisema mko salama, mbele ya afande? Na mama alipolia mkono wake, si wewe ndiye ulimwambia anyamaze?"

Askari akainua kalamu. "Kwa hivyo mama alilia mkono. Na wewe ulimsikia?"

Kevin akatazama viatu vyake.

"Ni kweli," nikasema. "Alisema 'mkono wangu,' nikamwambia nyamaza, usitujazie watu. Liandike hilo pia, afande. Tia na jina langu, lote."

Yule binti akanitazama kidogo, kisha kwa mara ya kwanza akamgeukia mke wangu. "Hujambo, mama?"

"Ninalo jambo," akasema Bi Mwanaisha. "Andika."

Akaeleza yote mwenyewe: alivyokuwa ameketi, kiti alichojigonga nacho, alivyouficha mkono ndani ya buibui kwa sababu ya haya. Haya zangu mimi, si zake. Kevin alipoulizwa tena, akakubali kwa sauti ndogo. Maelezo yakaandikwa upya, Bi Mwanaisha akatia dole gumba la kushoto, tukapewa na fomu ya P3, ile ya polisi ya majeraha, akaijaze daktari.

Njiani kurudi nilikuwa nikijihesabia makosa. Ukigongwa wewe, msomaji, usimjibu mtu kabla hujajipapasa mwili mzima, wala usimsemee uliye naye. Nendeni hospitali siku ile ile, hata kama hamuoni damu. Pigeni picha gari na namba yake. Dereva akikuomba uifute safari kwenye simu, kataa. Kevin alimpigia Rehema kumwomba, Rehema akakataa, na kumbukumbu ya safari ile ndiyo iliyothibitisha tulikuwa ndani ya gari gani. Katika sisi watatu, mwenye akili siku ile alikuwa yeye peke yake.

Bima hawajajibu. Wakitukatalia tena, tutaifuata ofisi yao hadi mlangoni, na safari hiyo nitabeba kahawa.

Jioni ile, Mtongwe, majirani walikuja kutoa pole. Wanaume wakaketi nami barazani, wakaniuliza mimi, kama ilivyo desturi: "Mama Rehema aendeleaje?"

"Yuko pale ndani," nikawaambia. "Muulizeni mwenyewe."