Nilivyomnyima baba yangu ujana kwa mkono wangu mwenyewe

Amani kwenu wakuu wa baraza hili, mliokaa na mliosimama.

Leo nimeamua kuvuta uzi wangu mwenyewe, maana kila siku ni mimi wa kusikiliza mambo ya watu huku nawanyoa. Nitakayosema ni kweli tupu. Mke wangu yuko nyuma ya mlango hapo anasikiliza, nikiongeza chumvi atakohoa.

Ombi langu moja: msinikatize mpaka nimalize. Baada ya hapo mtanisema mnavyotaka.

Haya, twende.

Mimi ni kinyozi wa hapa hapa Bagamoyo. Mkeka wangu mnaujua, ule ulio kando ya uwanja ambako wanyapara, wasimamizi wa misafara, huchagua wapagazi wa kwenda bara. Miaka ile ninayoisema, kabla Wadachi hawajaja na mizinga yao, masika yakikatika tu mji ulifurika watu mpaka unakosa pa kukanyaga. Kila mmoja anataka apewe mzigo aupeleke Unyanyembe, huko bara mbali.

Sasa nyinyi vijana mnadhani mnyapara aliangalia misuli kwanza. Wapi! Alianza na kidevu. Akiona mvi anakupungia mkono upite zako. Mzee akifia njiani, mzigo wake abebe nani?

Kwa hiyo wazee walikuwa wanakuja kwangu. Siku mbili kabla ya msafara wamejaa mkekani, kila mtu anataka arudishwe nyuma miaka ishirini.

Kazi yenyewe ina utaratibu wake. Kwanza unapaka hina, unaiacha mpaka ikolee, unaosha. Hapo ndevu zinakuwa nyekundu, mtu anafanana na jogoo. Halafu ndiyo unapaka nili juu yake, ile rangi ya kutilia nguo. Hina na nili zikikutana zinatoa weusi ambao mama yako mzazi angekuapia kuwa hujafika thelathini.

Nimewarudishia ujana watu wengi kwa mikono hii. Wengine walikwenda wakarudi, wengine hawakurudi. Nilikuwa sijiulizi sana. Kazi ni kazi.

Tuje kwa baba.

Baba yangu, Mzee Kondo, alikuwa kirangozi, yaani yule anayetangulia mbele ya msafara na bendera, akiimba ili wengine wamfuate. Waliosafiri naye wanasema hata ukiwa mtu wa mwisho kabisa sauti yake ulikuwa unaipata. Lakini wakati huu ninaousema miguu ilikuwa imeshapinda, na akitoka msikitini kufika nyumbani anapumzika mara mbili.

Moyoni hakuwa mzee hata kidogo. Ukimgusia habari hizo anakujibu, "Ng'ombe hazeeki maini." Mnacheka? Ngojeni mfike.

Na dawa alizitafuta, nisiwafiche. Tangu tukiwa wadogo alikuwa anatusimulia kwamba siri ya kujivua uzee tulikuwa tupewe sisi binadamu, lakini tulikuwa tumelala, akapewa nyoka. Basi mganga mmoja wa Makurunge akampa gamba la nyoka lililochomwa, alilambe na asali. Akalamba mwezi mzima. Akaenda kwa mwalimu wa Kurani akaandikiwa kombe, aya kwenye sahani kwa zafarani, zikaoshwa kwa maji akanywa. Akanunua mafuta ya chupa kwa Mhindi, ya kujisugua magotini. Kilichopatikana ni harufu.

Siku moja akapita Mzungu tabibu na msafara wake, akaja nimnyoe. Baba akamkalia karibu, akamuuliza kwao dawa ya uzee ipo? Yule Mzungu, na Kiswahili chake cha kuokoteza, akasema wapo wataalamu wanaoitafuta ndani ya damu na tezi za wanyama.

"Wameipata?" baba akauliza.

"Bado."

"Basi wao na mganga wangu wa Makurunge ni mtu na ndugu yake," baba akasema, akaondoka zake.

Najua mnachowaza. Mzee anatafuta ujana, bila shaka kuna binti. Mama yangu alikuwa ameshafariki na baba hakutaka mwingine. Ila binti alikuwepo kweli.

Anaitwa Mosi. Ni dada yangu, baba mmoja mama mbalimbali. Alizaliwa Unyanyembe, kwa mke ambaye baba alimwoa huko kabla hajamjua mama yangu. Alimwacha akiwa ndio kwanza anang'oka meno ya utoto, akamwambia msimu ujao narudi.

Msimu ujao njia ikafungwa kwa vita. Uliofuata akaugua. Kisha akaoa huku, nikazaliwa mimi, na mnajua wenyewe miaka inavyokwenda. Ukishachelewa sana, wakuu, unaona haya hata kutuma salamu.

Sasa mwaka ule akaja mpagazi kutoka huko na ujumbe. Mosi yu hai. Amefiwa na mumewe. Anauliza kama baba yake ni mzima.

Siku ile ile baba akaja mkekani kwangu.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Msafara wa Jumamosi nimo. Nataka unishughulikie ndevu."

"Baba, kwa miguu hii?"

"Miguu naijua mwenyewe. Wewe shika ndevu. Mosi aliniona mara ya mwisho na ndevu nyeusi. Nikimtokea na pamba hizi atajuaje kama ni mimi?"

"Baba, wewe hata Ubena, hapo mwanzo wa njia, hufiki."

Akaniangalia. "Nikifia Ubena nitakuwa nimefia njia ya kwenda kwa mwanangu. Hapa nitafia njia ya kwenda wapi?"

Swali hilo ninalo mpaka leo.

Nikafikiri nimkatalie. Lakini mji huu una vinyozi wengine, na yeyote angemfanyia. Na sikutaka adondoke porini huko, afukiwe na watu wasiojua hata jina la baba yake. Nikamwambia aje Ijumaa alasiri.

Wakuu, hapa ndipo ninapoona aibu.

Ijumaa alikuja amevaa kanzu safi, akakaa, akafumba macho, akaniinulia kidevu kama mtoto anayeoshwa uso. Mimi nikakoroga nili tupu. Hina sikuigusa.

Kinyozi yeyote anajua. Nili peke yake juu ya mvi, jioni ile unaiona nyeusi nyeusi, lakini kadiri inavyopigwa na upepo inageuka. Kesho yake ni buluu.

Alikuwa anaimba taratibu nyimbo zake za safari huku nampaka. Mara mbili kijiti cha kupakia kikanidondoka.

"Una homa?" akaniuliza.

"Hapana baba."

Tulipoosha nikampa kioo. Alijitazama kwa muda mrefu, akijigeuza huku na huku, anatabasamu. Akaniambia, "Ahsante mwanangu. Mungu akuzidishie." Wallahi afadhali angenichapa.

Asubuhi uwanjani watu wamejipanga. Baba kasimama mstari wa mbele, kajinyoosha, fimbo kaificha nyuma. Jua likampiga usoni.

Mnyapara akafika mbele yake, akasimama, akainamisha kichwa upande.

"Mzee wangu, kaniki ya buluu ya mkeo umeifunga kidevuni?"

Uwanja mzima ukaangua kicheko. Na kilichoniua ni kwamba baba naye aligeuka nyuma kutazama ni nani anayechekwa. Alikuwa hajajua. Mtu mmoja akamwonyesha kwa kidole, naye akazishika ndevu zake, akazivuta mbele ya macho, akaziona.

Akanitafuta kwa macho mpaka akanipata pale mkekani. Nikainama kunoa wembe uliokuwa umeshanolewa.

Akajitwika kifurushi chake cha chakula cha safari akarudi nyumbani peke yake. Sikumfuata.

Siku tatu hakutoka chumbani. Mke wangu akimpelekea uji unarudi vile vile. Siku ya tatu akanijia juu, na mnamjua Mwanaidi akikasirika.

"Wewe tangu nikujue hujasahau hina hata siku moja. Umemfanya nini baba?"

(Mnasikia? Hajakohoa. Ni kweli.)

Nikaingia. Baba kalala kaelekea ukutani, ndevu kashajikata mwenyewe kwa kisu, zimebaki vishina.

"Baba, hina sikusahau."

"Najua."

"Niliogopa utakufa."

Kisha akageuka. "Ulinionea huruma mimi, au ulijionea huruma mwenyewe?"

Nilitaka kusema wewe. Nikashindwa. "Mwenyewe, baba."

"Haya. Afadhali umesema." Akaketi polepole, akavuta pumzi. "Maji yameshamwagika. Ila wewe miguu unayo. Kamwambie mwanangu nilikuwa nakuja."

Basi nikaenda. Mimi ambaye nilikuwa sijawahi kuvuka Mto Kingani ila kwenda mazikoni, nikafunga nyembe zangu nikafuata msafara uliofuata, kinyozi wa wapagazi. Nisiwachoshe na habari za njiani. Tulipofika Ubena malengelenge yalikuwa yameshapasuka, nikakaa chini nikalia, nikasema kumbe nilisema kweli, baba asingefika. Halafu nikalia zaidi, maana ukweli huo haukunisaidia kitu.

Mbele ya Ubena ni miezi, wakuu.

Unyanyembe Mosi nilimkuta uani anapepeta nafaka. Nikajieleza mimi ni nani. Aliweka ungo chini, akanitazama sana pua na paji la uso.

"Baba anakuja, au amekutuma?"

"Alikuwa anakuja. Mimi ndiye niliyemzuia." Nikamwambia yote, na nili yake.

Nilidhani atanifukuza. Akakung'uta mapumba mikononi. "Nimemsubiri toka nina mapengo," akasema, "sasa nimepata mengine. Ngoja niage wanangu." Msafara wa kwanza kuteremka pwani na pembe za ndovu, sisi tumo.

Njia nzima ya kurudi nilikuwa na swali moja tu, nalo sikumwambia. Tutamkuta? Tulipokaribia kwetu nilikuwa naona watu ninaowajua, nawakwepa, wasije wakanipa pole.

Tukaingia Bagamoyo adhuhuri. Tangu niondoke ulikuwa umepita mwaka na miezi.

Baba alikuwa amekaa nje, anasuka ukili. Amekonda, kanzu inampwaya. Hai! Nikasema alhamdulillahi kwa sauti mpaka akashtuka.

Akaniona. Akamwona mama mtu mzima niliyefuatana naye, akamsalimu kwa kichwa kwa heshima kama mgeni. Halafu akachungulia nyuma yetu, barabarani.

"Mosi yuko wapi?"

Wakuu, yule mzee miaka yote alikuwa na hofu kwamba mtoto hatamjua. Haikumjia hata siku moja kwamba yeye ndiye atakayeshindwa kumjua mtoto.

Mosi akapiga magoti, akamshika mikono. "Shikamoo baba."

Baba akaganda. Taratibu akanyoosha mkono, akamvua ushungi. Kichwa cheupe pe! Akazigusa nywele zile, akazipapasa kuanzia mbele mpaka kisogoni.

"Umezeeka, mwanangu," akasema. "Umezeeka na mimi sipo."

Akalia. Sijawahi kumwona baba akilia, hata kwenye msiba wa mama. Mosi kamshika magoti analia. Mwanaidi mlangoni analia. Mimi nimesimama na mizigo kichwani, sijui niitue wapi.

Kilio kilipokwisha, baba akajifuta kwa pindo la kanzu. Akamtazama binti yake kuanzia juu mpaka chini, uso ukakunjamana kama wa mzazi aliyeudhika.

"Mbona miguu ina vumbi hivyo? Hebu nenda kanawe uje ule."

Na yule bibi mwenye wajukuu wawili, aliyetembea kutoka Unyanyembe, akajibu, "Naam, baba." Akainuka akaenda mbio.

Mbio, nawaambia. Nimepaka hina na nili videvu vya watu miaka yote, na sijawahi kuona uzee ukimtoka mtu ila siku ile.

Walikaa pamoja misimu miwili ya mpunga. Kisha baba akatutangulia, Mosi kakaa upande wa kichwani, tukamzika sisi tunaomjua.

Funzo nililolipata ni hili. Mzee wako akikwambia anataka ujana, usikimbilie kumcheka wala kumlinda. Muulize kwanza anautaka aende nao wapi. Huenda safari yenyewe unaiweza wewe.

Nimemaliza. Sasa mlango uko wazi. Wapo watakaosema niliokoa maisha ya baba, na wapo watakaosema nilimdhalilisha mbele ya mji. Mimi usiku na mchana nimejaribu kuamua nimeshindwa.

Wewe ungepaka hina?