Alumini Haitaki Waya wa Sufuria

Zacharia alipokuwa mlinzi kule Malaz, Riyadh, baiskeli yake haikumsumbua hata kidogo. Alikuwa ameibambua rangi yote ikabaki alumini tupu, na kwa ule ukavu wa Riyadh, kuipangusa kwa kitambaa kulitosha. Kisha akahamia Jeddah kulinda geti la bosi mwingine mtaa wa Al-Rawdah, na sababu ilikuwa moja tu: dadake Risper, aliyemlea baada ya mama yao kufariki, alikuwa akifanya kazi za nyumbani kule Al-Nuzha. Madam wake hakumruhusu kutoka, ila Ijumaa asubuhi kutupa takataka. Bila baiskeli, Zacharia angemkuta ameshaingia ndani.

Lakini Jeddah ni mji wa bahari. Chumvi ya hewani iliivaa fremu, ikafifia na kutoka madoa meupe. Zacharia akafanya kile ambacho Mkenya yeyote aliyelelewa kwa sufuria safi angefanya: akachukua waya wa kusugulia, akasugua kama alivyofunzwa na Risper. Iling'aa, naam! Baada ya siku chache ikarudi mbaya zaidi, imejaa mikwaruzo. Sufuria husuguliwa kila siku bwana, fremu je?

Bosi alipoiona alikunja uso. "Hii ni chuma chakavu. Ikifika Ijumaa bado iko hivi, halas, imekwisha, naitupa."

Zacharia alikuwa mbishi tangu utotoni, na ubishi huo sasa ukapata kazi. Akatafuta msasa laini, akaulowesha maji, akapiga fremu kwa mwelekeo mmoja hadi mikwaruzo ikaisha. Akaja na msasa laini zaidi. Akapaka dawa ya kung'arishia rimu za gari, akasugua kwa fulana kuukuu mpaka mabega yakawaka moto. Mwishowe akaosha kwa sabuni, akakausha papo hapo, akapaka nta ya gari ili chumvi isipate pa kushika.

Ijumaa bosi akatoka, akasimama, akaizunguka baiskeli.

"Mashallah! Mpe mwanangu Fahad."

Zacharia akaushika usukani. Mwenye nguvu mpishe, walisema wahenga. Lakini wahenga hawakuwa na dada Al-Nuzha.

"La, baba. Hii ndiyo hunipeleka kwa dadangu. Ya Fahad nitaing'arisha mimi mwenyewe, ishinde hii. Lakini hii siwezi kutoa."

Bosi akapunga mkono. "Yalla, nenda basi, kabla sijabadili nia."

Zacharia alikanyaga pedali kama anayefukuzwa. Alipofika Al-Nuzha, Risper alikuwa ndio anatoka na mfuko wa takataka. Akapitisha kiganja juu ya fremu.

"Zakaa! Nani amekufunza kung'arisha hivi?"

"Si mimi nilianza na ile waya yako ya sufuria? Kidogo tu initenganishe na wewe, dada."

Risper akacheka, kisha akalia, kisha akakimbilia ndani asije akaitwa. Mlangoni akagundua mfuko bado uko mkononi. Ikambidi atoke tena, na Zacharia alikuwa hajaondoka.