Rangi Niliyosema Nimepaka

Mara ya kwanza Mama aliponipigia simu baada ya mdogo wangu kufa, tulilia tu, hakuna aliyesema neno la maana. Mara ya pili ilikuwa Jumatatu mchana. Hakuuliza habari ya jeneza, wala ng'ombe wa matanga atatoka wapi. Aliuliza kitu kimoja.

"Ile pikipiki yake, ulimpakia rangi?"

Nikasema, "Ndiyo, Mama. Nilimpakia."

Uongo ulinitoka kabla sijameza mate. Mpaka leo sijui ulitoka wapi haraka hivyo, kwa sababu mimi si mtu wa maneno mepesi. Mimi ni mtu wa hasira. Nikikosa jibu hugomba, sidanganyi. Lakini sauti ya Mama siku hiyo ilikuwa nyembamba, na nilihisi nikisema hapana itakatika.

Kazi yangu ni kupaka rangi injini za pikipiki. Sina nyingine. Watu wa boda wananiletea injini zilizoliwa na kutu na matope mpaka zimekuwa rangi ya chai. Nafungua silinda, kichwa chake na vifuniko vya pembeni, naviosha kwa petroli, navisugua kwa brashi ya waya na msasa, naviosha tena kwa sabuni, halafu napuliza rangi ya fedha ile inayovumilia moto. Mwisho navioka kwenye oveni, kwa sababu rangi hiyo haikauki kwa upepo. Bila joto itakudanganya tu kwa macho. Mwenye pikipiki akirudi anadhani nimembadilishia injini.

Nimewapakia watu wa Kondele, wa Nyalenda, hata wa kutoka Siaya. Mdogo wangu, ambaye alikuwa wa boda vilevile, aliniomba tangu mvua za mwaka jana. Kila akipita karakana yangu alipiga mlango wa mabati teke la utani na kuniita ndugu kwa Kijaluo, "Omera, lini?" Nami nilimjibu bila kuinua kichwa, "Kesho, bwana. Wateja kwanza." Mganga hajigangi, nilimwambia siku moja, na tukacheka. Yeye alicheka kweli. Jioni alimpigia Mama na kumwambia, kaka atanipakia injini, iking'aa nitaileta nyumbani uione. Alimwambia hivyo miezi na miezi, na Mama akaiamini kesho yangu kuliko nilivyoiamini mimi.

Alikufa kwa nimonia. Alinyeshewa siku tatu mfululizo akibeba abiria, akakohoa wiki nzima akisema ni homa tu itapita, na tulipomfikisha hospitali alikuwa hawezi kumaliza sentensi moja. Jumapili asubuhi akaenda. Pikipiki ilibaki imeegemea ukuta wa nyumba aliyokuwa amepanga Kaloleni, injini yake chafu kama alivyoiacha.

"Basi Ijumaa itangulie mbele yake," Mama akasema kwenye simu. "Iingie bomani ikinguruma. Watu waone kaka yake alimfanyia kitu."

Kwetu mwili huletwa nyumbani siku moja kabla ya mazishi, ulale pale mara ya mwisho. Mtu wa boda husindikizwa na wenzake, na pikipiki yake ndiyo hutangulia. Hilo lingefanyika hata Mama asingesema. Sasa lilikuwa limepata macho ya Mama. Nikajiambia, huu uongo nitaugeuza kuwa kweli kabla ya Ijumaa. Nani atajua? Rangi haiandikwi tarehe.

Jumanne nikaivuta pikipiki hadi karakana na kuifungua. Watu wanaijua Kisumu kwa joto, lakini hawajakaa kwenye kibanda cha mabati kilicholipa ziwa mgongo wakati mvua imeamua. Upepo unaingia chini ya mlango umelowa. Sakafu inatoa jasho. Vidole vyangu vilikufa ganzi ndani ya petroli nikawa sihisi msasa, mpaka nikaona damu. Sikujali. Kila kipande nilichosugua kilikuwa na uchafu wa safari zake, tope juu ya tope, na nilikuwa nalitoa kwa kijiti kwenye mapezi ya silinda huku nikijitukana kwa sauti. Mjinga wewe. Kazi ya siku mbili. Siku mbili tu, mjinga wewe!

Adhuhuri hiyo stima zikapotea. Nguzo ilikuwa imeanguka mahali, na kila mtu alisema zitarudi jioni. Hazikurudi. Oveni yangu ni ya stima, ya jikoni, niliinunua kwa mtu wa vyuma vikuukuu pale Kibuye. Ilisimama kwenye kona imefunga mdomo. Jumatano nikapuliza rangi hivyo hivyo, nikiomba. Kwenye baridi ile rangi ilikaa juu ya chuma ikiwa laini, haina haraka na mtu. Alhamisi asubuhi nikaweka kifuniko kimoja juu ya jiko la makaa, nikakifunika na debe. Upande mmoja ukafura malengelenge, upande mwingine ukabaki unanata. Nikakisugua, nikakipaka tena, nikakaa chini sakafuni nikalia kama mtoto aliyenyang'anywa.

Hapo ndipo nikakumbuka tanuri za Dunga.

Kuna mama mmoja pale ufukweni ninayenunua samaki kwake. Anakausha mbuta kwa moshi, na tanuri yake ya udongo hushika moto wa taratibu, moto usioruka, kutwa nzima. Ndio moto ninaoutaka. Nikafunga vipande ndani ya blanketi ndani ya karai, nikapanda boda, nikafika nimelowa chapachapa.

"Mama, naomba tanuri yako saa tatu tu."

"Umeleta samaki gani?"

"Silinda."

"Ati nini?"

Nikamweleza. Nilimwambia yote isipokuwa ule uongo wa simu. Alinisikiliza akiwa ameshika kiuno, akanipa pole ya msiba, halafu akatikisa kichwa.

"Baba, hii tanuri imekunywa mafuta ya mbuta miaka mingi. Moto ukiingia, ukuta wenyewe unatoa jasho la samaki. Si rangi inaogopa mafuta?"

Alikuwa sawa, na mimi ndiye niliyepaswa kumwambia hivyo. Hiyo ndiyo sheria ya kwanza ya kazi yetu. Mteja akigusa injini yangu iliyooshwa na vidole vilivyoshika mandazi, namfukuza na kuosha upya. Nimegombana na watu wazima kwa ajili ya alama ya kidole. Siku hiyo nikamjibu yule mama, "Niachie, mimi najua kazi yangu."

Alinitazama, akatoa samaki wake. Nilitandika bati safi chini, nikafuta kuta kwa gunia, nikapanga vipande. Kwa saa tatu nilikaa mbele ya mlango wa tanuri nikinusa mafuta yakipanda, nikijua ni nini, na nikijiambia ni moshi tu.

Vilitoka vizuri! Hilo ndilo lililonimaliza. Vilitoka vimeng'aa, fedha yenye dhahabu kidogo ndani yake, na vilipopoa nikapitisha ukucha, ukateleza bila kuacha alama. Nilimshukuru yule mama mara nyingi mno. Yeye alisema tu, "Haya, Mungu akuonekanie," akaanza kurudisha mbuta zake motoni.

Rafiki wa mdogo wangu, waliyekuwa naye steji moja, alikuja karakana kunisaidia kufunga injini. Aliinua silinda, akainusa, akaniangalia.

"Boss, hii ni ya kufungwa ama ya kuliwa na ugali?"

Tulicheka mpaka tukashika meza. Kisha yeye akaanza kulia akicheka bado, na mimi nikamwambia kwa ukali alete spana namba kumi na mbili. Jua lilikuwa halijazama tulipomaliza. Niliiwasha kidogo tu, kusikia kama inashika. Ilishika.

Kuna kitu nilipaswa kufanya. Rangi ikitoka motoni, unawasha injini dakika chache, unazima, inapoa, unawasha tena kwa muda mrefu zaidi. Mara tatu hivyo. Hapo ndipo rangi inaapa. Kama ina kasoro, inaitoa mbele yako wewe fundi, si mbele za watu. Nilikuwa na muda. Petroli ilikuwepo. Sikufanya. Niliogopa kujua, na nikaifunika turubai nikaenda.

Ijumaa tulitoka mochari saa nne. Jeneza lilikuwa ndani ya gari, na nyuma yake pikipiki hamsini au zaidi, matawi yamefungwa mbele, honi zikilia mfululizo. Mimi nilitangulia juu ya pikipiki yake. Watu wa barabarani walisimama. Mwingine alinyoosha kidole kwenye injini, nikaona midomo yake ikisema safi. Kwa mara ya kwanza tangu Jumapili moyo wangu ulitulia kidogo. Nilifikiri, labda Mungu ameamua kunisitiri.

Lakini msafara wa msiba hauendi kasi. Gia ya kwanza, gia ya pili, barabara nzima hadi upande wa Seme, na injini ya pikipiki hupozwa na upepo wa mwendo. Bila upepo ilichemka. Tulipoacha lami, harufu ikanifikia kutoka kati ya magoti yangu: rangi mbichi, na samaki. Sikuinama kutazama. Niliendelea kuomba, Mungu wangu, dakika kumi tu, ikae hivyo dakika kumi, halafu nifanye unavyotaka. Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Ile yangu niliiona ndefu mno, na bado sikutaka ifike mwisho.

Tukaingia bomani inanguruma kama Mama alivyotaka. Nduru zikapanda. Wanawake wakakimbilia gari, lakini Mama hakukimbilia gari. Alikuja kwangu, polepole, leso imefungwa kiunoni, na watu wakampisha.

"Zima," akasema.

Nikazima. Alizunguka upande mmoja, akazunguka wa pili. Alitikisa kichwa kwa namna ya mtu anayekubali.

"Imependeza. Aliiona?"

Ningeweza kusema hapo. Nafasi ilikuwepo, nilipewa, mbele yangu kabisa.

"Aliiona, Mama. Alifurahi sana."

Alinyoosha mkono kwenye kifuniko cha pembeni. Nikapiga kelele, "Mama, ni moto!" lakini mkono ule umeondoa sufuria mekoni maisha yake yote, hauogopi chuma. Aliuweka na kuupitisha juu ya injini, jinsi mtu anavyompapasa mtoto aliyelala. Kisha akauondoa.

Vidole vinne vilikuwa vya fedha. Kwenye kifuniko ikabaki mistari minne ya chuma kitupu, na pembeni yake rangi imejikunja kama ngozi ya maziwa. Mama aliutazama mkono wake. Alisugua kidole gumba juu ya vidole vile, akahisi utelezi, akavipeleka puani. Nilimwona akielewa. Alielewa taratibu, kitu kimoja baada ya kingine: kwamba ni ya jana, kwamba ile simu ya Jumatatu, kwamba hata sasa hivi.

Nilingoja anipige. Nilitaka anipige. Watu walikuwa wengi, na wale wa boda walikuwa wamezima pikipiki zao wakitutazama, na mimi niliona afadhali anitangaze pale pale, alie kwamba mwanawe amekufa akingoja na huyu ndiye aliyemngojesha. Ningekubali yote.

Alifunika vidole vyake kwa pindo la leso ili watu wasivione. Akasogea karibu, mpaka paji lake karibu liguse langu.

"Nyathina," akaniita, mtoto wangu, kwa sauti ya chini ya nyumbani. "Si ungeniambia tu. Ningepanda gari nije. Tungeisugua mimi na wewe."

Akaniacha, akaenda kwa yule mwingine. Wanawake walimfungulia njia hadi kwenye gari, na nikasikia sauti yake ikipanda juu ya sauti zote. Nilitaka kumfuata. Lakini ardhi ilikuwa tope tupu, stendi ingezama, na nikiiachilia pikipiki ingeanguka, kwa hiyo nilibaki pale nimeishika usukani kwa mikono miwili.