Radhi Aliyoisoma Mumbua

Mumbua alikuja Gede kutoka Ukambani akimfuata mume. Mume akafa, yeye akabaki pale karibu na stendi akiuza magazeti na sigara. Wenyeji walimpendea sauti yake. Kila asubuhi gazeti lilipofika, walijaa kwenye benchi lake, wengi wao wasiojua kusoma, naye akawasomea mpaka ukurasa wa mwisho. Walionunua walikuwa wachache, waliosikiliza ni wote, na hakuna aliyewahi kumuuliza kama kweli imeandikwa hivyo. Hiyo ndiyo heshima pekee aliyokuwa nayo ugenini.

Mwaka wa themanini na sita mkurugenzi wa gazeti hilo hilo, mtu wa bara, alialikwa karamu katika hoteli moja ya Malindi. Alipokwisha kushiba kambakoche wetu, akasema watu wa pwani kazi yao ni mnazi na usingizi, na habari zao hazifai hata kufungia maandazi. Kiponda, kijana wa Gede aliyekuwa mhudumu pale, alikuwa amesimama nyuma yake na sahani mkononi. Kesho yake kijiji kizima kilijua.

Wakangoja gazeti liseme. Siku ya kwanza kimya. Ya pili kimya, ila picha ya ng'ombe aliyeshinda maonyesho. Ng'ombe, jamani! Jumamosi ndipo ikatoka: mkurugenzi amesingiziwa na wachochezi, yeye huipenda sana pwani na fukwe zake. Mchochezi ndiye Kiponda, mtu anayeogopa hata paka.

Mumbua aliisoma kwa macho kwanza. Akamwona Kiponda mbele yake, na Mzee Kavumbi aliyeapa kuwaongoza vijana wakalizuie gari la magazeti. Akaingiwa na hofu, maana siku zile neno dogo lilitosha kumfungisha mtu. Basi akasoma yasiyokuwepo: kwamba mkurugenzi amekiri kosa, na anawaomba watu wa pwani radhi. Mzee Kavumbi akasema mtu akikiri, yamekwisha. Kiponda akalia mbele za watu bila haya.

Nia ilikuwa njema, sibishi. Lakini njia ya mwongo ni fupi. Jumatatu Kiponda alikwenda kazini kifua mbele, akawatangazia wenzake kwamba ameombwa radhi, na kabla ya adhuhuri alikuwa amefukuzwa. Jioni redio ikamtoa mkurugenzi mwenyewe. "Sijamwomba mtu radhi," alisema, "wala sitaomba."

Hawakumtukana Mumbua. Afadhali wangemtukana. Mzee Kavumbi alisema tu kwamba mbara humfichia mbara mwenzake, na benchi likabaki tupu. Gazeti waliendelea kulinunua, wakalipeleka kwa Mwalimu Charo awasomee.

Aliyekuja ni Kadii peke yake, jirani, mwenzake wa kuchota maji. Mwaka uliotangulia mwanawe aliuawa na lori kwenye njia ya Mombasa, na Mumbua ndiye aliyemsomea habari ile: kijana alikufa papo hapo, hakuteseka. Kwa maneno hayo Kadii aliweza kula tena.

Hakuketi. "Mumbua, yale ya mwanangu," alisema, "yalikuwa gazetini, au ni yako?"

"Yalikuwemo, dada. Nakuapia Mungu."

Na yalikuwemo kweli. Kadii alimtazama, akatikisa kichwa polepole, kisha akarudi nyumbani kwake kuanza matanga upya.