Kombora la Mpima Ardhi

Ofisini walimwita Thibitisha, na jina likamkaa. Alikuwa amepima ardhi miaka ishirini na sita, na hata akiambiwa chai imeiva, hufunua sufuria kwanza. Kwa hiyo uvumi ulipoenea kwamba kuna majaribio ya makombora yanayoishinda sauti mbio mara tano na zaidi, na kila mwenye simu akadai ameliona moja likipita juu ya bati lake, yeye ndiye aliyecheka kuliko wote. "Mmeona ndege, mkatia chumvi," alisema.

Jumanne moja, jua likizama, alikuwa kibarazani akianua nguo. Mstari wa moto ukachomoza nyuma ya tangi la maji la jirani, ukawa unapanda angani kimya kimya. Vibanio vikamponyoka. Akanyoosha mkono, akapima pembe kwa kidole gumba, akahesabu sekunde, kisha akakimbilia penseli. Nyuma ya bahasha jibu likatoka: mara tano na nusu ya mwendo wa sauti! Akarudia hesabu. Ikatoka ileile. Moyo ulimdunda kama wa bwana harusi.

Mezani aliwatangazia mkewe na shemeji yake, mkunga aliyekuja kumtembelea dada yake. Alinong'ona, kana kwamba amekabidhiwa siri ya taifa.

Shemeji aliisoma bahasha huku akitafuna. "Shemeji, hii mia tatu ni nini?"

"Kilomita. Umbali wake kutoka hapa."

"Uliupimaje?"

Mpima ardhi akaigeuza bahasha, akaigeuza tena. "Lilionekana... liko mbali."

"Mbali kama mia tatu, au kama arobaini?"

Akaweka arobaini mahali pa mia tatu, akapiga hesabu upya; mwendo ukashuka chini ya ule wa sauti. Kombora likageuka ndege ya abiria, tena isiyo na haraka. Mkewe alijikaza asicheke, akashindwa, akaenda kumalizia kicheko jikoni.

Kesho yake, saa ileile, walisimama wote watatu kibarazani. Mstari ukapanda vilevile, moshi wa ndege ukimulikwa na jua la jioni. Shemeji akatazama kwenye simu safari za ndege. "Ya abiria, shemeji. Hupita kila siku."

Mpima ardhi akajishika kiuno. "Miaka yote hii nawafokea vijana wasikadirie umbali kwa macho. Halafu mimi nimekadiria vita vizima!"

"Na ulikuwa na penseli," mkewe akamkumbusha.

Ijumaa aliisimulia ofisini mwenyewe, kabla mkewe hajaisimulia vizuri zaidi. Aliigiza kila kitu, pamoja na kile kidole gumba. Walipochoka kucheka, karani akauliza, "Kwa hiyo hayo makombora hayapo?"

"Huenda yapo," alijibu, akijifuta machozi ya kicheko. "Mimi tu ndiye ambaye sijayaona."