Upande wa Miguu

Kijiji kipo ng'ambo ya mbuga, upande wa Bukombe. Masika yakikolea, udongo mweusi hunasa magurudumu, na gari la wagonjwa huishia kwenye barabara ya changarawe, kilomita tatu kutoka nyumba ya kwanza. Mgonjwa asiyeweza kutembea hubebwa kwa machela: miti miwili ya mkaratusi iliyosukwa kamba za katani katikati, inayotunzwa juu ya kenchi za kanisa la kigango. Mtu akizidiwa hupigwa mwano, yowe la Kisukuma ambalo mwanamume hawezi kulisikia akabaki amekaa. Wanne huingia chini ya miti. Mgonjwa hutangulizwa kichwa. Miguu mbele ni ya maiti. Wa mbele akichoka hupokewa hukohuko mbele, wa nyuma hukohuko nyuma, kwa kuwa wazee walikataza kumzungusha mgonjwa njiani. Unapoanzia ndipo unapomalizia.

Agapiti, mwalimu wa fizikia kutoka Biharamulo, aliitikia mwano wake wa kwanza siku ya tatu tangu aripoti shuleni. Alisimama kidogo, akamtazama mzee aliyelala juu ya kamba: kichwa, mabega, kifua, vyote kule mbele, huku nyuma miguu miwili myembamba. Akaenda nyuma. Hakulisema jambo hilo hata moyoni. Mwili ulikwishapiga hesabu, na kwa miaka kumi na moja haukuisahau.

Mbele alikuwa Mabula, jirani yake, anayezungusha winchi ya kupandishia mawe kwenye mashimo ya dhahabu. Miaka hiyo yote Agapiti alitembea akiitazama shingo yake. Mwanzoni ilikuwa laini. Baadaye, pale mti unapokaa, paliota nundu kama kiazi.

"Mwalimu, upo?" Mabula aliuliza kila safari, bila kugeuka. "Mbona sisikii ukihema?"

"Nipo."

"Basi elimu inaongeza mapafu."

Watu walicheka. Safari moja hata mgonjwa alicheka. Na sifa zilimrudia Agapiti kupitia kwa mkewe, Coletha, aliyeambiwa sokoni kwamba ana mume wa watu, mwalimu asiyekosa mwano. Alizipokea kama mtu aliyeletewa sahani ya mwingine kwa makosa, akaanza kula.

Mwaka huu, mwezi wa tatu, alifika kwenye somo la momenti na kidato cha pili. Kitabu kilitoa mfano wa daraja. Wanafunzi walisinzia. Ndipo akachora machela ubaoni, pengine kwa sababu ndicho kitu pekee chenye egemeo walichokuwa wamekiona wote. Kutoka bega la mbele hadi bega la nyuma ni mita mbili. Mgonjwa ana uzito wa nyutoni mia sita. Kitovu cha uzito wake kiko sentimita themanini kutoka kwa wabebaji wa kichwani. Kila upande unabeba kiasi gani?

Asteria, binti wa Mabula, alimaliza wa kwanza. Alikwenda ubaoni, akaweka egemeo kichwani, akazidisha, akagawa. Miguuni mia mbili arobaini. Kichwani mia tatu sitini.

"Kwa hiyo wa kichwani wanabeba mara moja na nusu ya wa miguuni," alisema.

"Sahihi. Kaa."

Hakukaa. Alikuwa akiitazama chaki mkononi. "Mwalimu, wewe huwa unashika upande gani?"

"Miguuni," sauti ikajibu kutoka nyuma ya darasa. "Tangu tuko darasa la pili."

"Ticha anakula anachofundisha," mwingine akaongeza, na darasa likaangua kicheko. Asteria hakucheka.

"Samahani mwalimu. Nimeuliza tu."

"Kengele imelia," alisema Agapiti. Kengele ilikuwa haijalia.

Tangu siku hiyo alirudi nyumbani kwa njia ya nyuma, kupitia mihogo, ili asipite mlangoni kwa Mabula. Alijipangia kwamba mwano ukilia tena atakwenda mbele, kimya, kabla maneno ya darasani hayajamfikia jirani yake. Alidhani bega moja, safari moja, lingeweza kuwahi.

Mwano ulilia Jumapili, watu wakitoka ibadani. Ulitoka kwa Mabula mwenyewe. Mkewe, Scolastika, alikuwa ameteleza kisimani na ndoo kichwani, nyonga imevunjika. Agapiti alifika akikimbia, akaenda moja kwa moja mbele. Mabula akamshika kiwiko.

"Hapana, mwalimu. Nenda kwako."

"Leo nianze mbele."

"Na mgongo wako?"

"Mgongo gani?"

Mabula aliinamisha kichwa, akapunguza sauti ili wengine wasisikie. "Tunajua. Huyu mama Asteria ndiye aliyekuona ukienda nyuma, mwaka ule ulipohamia hapa. Akasema mwalimu ana mgongo, anaona haya kusema, mwacheni miguuni. Nimesikia walivyokucheka darasani. Asteria nimemgombeza. Nimemwambia mtu hachekwi kwa ugonjwa."

Kutoka kwenye kamba Scolastika alimtazama, uso umelowa jasho. "Shika miguu, baba. Usije ukaumia kwa ajili yangu."

Mlango wa kukwepea ulikuwa wazi, naye alitakiwa kuitikia tu. Asteria alisimama pembeni na mfuko wa nguo za mama yake, akitazama chini.

"Sina mgongo," alisema Agapiti. "Sijawahi kuumwa mgongo. Nilikwenda miguuni kwa sababu ni kwepesi. Nilijua tangu siku ya kwanza."

Mabula aligusa nundu yake kwa vidole viwili.

"Nilidhani ni uzee," alisema.

"Miti ni mifupi upande wa kichwa. Ikiongezwa dhiraa moja, pande zote zinabeba sawa."

Mabula alinyoosha mkono wake hewani, akautazama kutoka kiwikoni hadi nchani mwa kidole, kama anayeutafuta urefu huo kwa mara ya kwanza.

"Hii tu?"

"Hiyo tu."

Wakainua. Agapiti alishika mbele kushoto, Mabula mbele kulia. Mti uliingia katika bega lake laini kabla hawajalipita shamba la mihogo. Tope la mbugani lilivuta miguu. Wapokezi walipokuja alitikisa kichwa. Alisubiri kuulizwa kama yupo. Walivuka mbuga yote bila Mabula kusema neno. Kilichosikika ni kuhema kwao wawili, na Scolastika akiguna na kanga mdomoni.

Kwenye changarawe walimwingiza garini, na Asteria, aliyewafuata nyuma, akapakia mfuko. Mabula alipanda, akashika mlango.

"Mtoto nilimgombeza bure," alisema. "Kamwombe radhi wewe. Mimi nina mgonjwa."

Gari likaondoka. Wanaume walikuwa wameanza kurudi, wawiliwawili, bila kumngoja mwalimu kama kawaida yao. Machela ilibaki chini. Asteria alikwisha kuinua ncha za upande wa miguu, akisubiri mtu ashike kule kwingine.

Agapiti aliinama, akashika. Ilikuwa nyepesi, pande zote.

"Asteria," alianza.

"Twende, mwalimu," alisema. "Mvua inakuja."

Akatangulia, hivyo mwalimu hakuuona uso wake.